Siku Niliyoisifu Mashine

Mama yangu huchuna chai akiwa na redio sikioni. Si redio hasa, ni simu, ile kabambe ya vitufe. Ukitaka ishike stesheni lazima uchomeke waya wa masikioni, maana huo waya ndio antena. Basi anauchomeka, anaupitisha chini ya kitambaa cha kichwa, anaacha sikio moja wazi ili amsikie nyapara, na lile lingine ananipa mimi. Kwa miaka minne, kila Jumatano saa nne asubuhi, nilikuwa ndani ya sikio la mama yangu nikimweleza habari za teknolojia.

Nataka kuandika kuhusu Jumatano moja tu kati ya hizo. Nimejaribu kuisahau, imekataa.

Kwetu ni Konoin, kaunti ya Bomet, karibu na Mogogosiek. Ukitoka huko kuelekea Kericho mjini, barabara inapita katikati ya chai mpaka macho yanachoka na kijani. Wageni husimamisha gari wapige picha. Sisi tuliolelewa pale huona vitu vingine: nyumba za wafanyakazi zilizopangwa kwa mistari, mizani ya kupimia majani, mawingu ya saa nane yanayoleta mvua ya mawe. Nililipiwa karo ya sekondari, halafu ya diploma ya uanahabari, kwa majani mawili na chipukizi, kilo kwa kilo. Siku nzuri mama alifikisha kilo hamsini. Siku mbaya alirudi na thelathini na homa.

Watu wa Nairobi wakisikia "mwanahabari wa teknolojia" wanafikiria kijana wa Kilimani mwenye simu tatu mezani, anayealikwa kwenye uzinduzi hotelini. Kazi yangu katika kituo kidogo cha redio ilikuwa tofauti. Simu ya kwanza niliyopokea hewani ilikuwa ya mzee aliyetuma pesa kwa namba isiyo yake. Aliuliza, "Mtangazaji, hiyo pesa itarudi ama niisahau?" M-Pesa ilianza Machi 2007, na miaka hiyo yote baadaye bado kulikuwa na watu waliokuwa wakiitumia kwa hofu, kama mtu anayevuka mto asiojua kina chake. Nikamweleza mzee hatua kwa hatua. Baada ya siku mbili akapiga tena kusema pesa imerudi. Nilijiona daktari.

Kuna Mmarekani anayeitwa Leo Laporte aliyefanya kazi ya aina hii kwa miaka mingi. Kipindi chake cha redio, The Tech Guy, kilianza 2004 na kikaisha 2022. Watu walikuwa wakipiga simu na shida zao za kompyuta, yeye anazitatua hewani. Nilipoanza, nilimsikiliza kwenye intaneti usiku ili niibe mbinu. Kilichonivutia si ujuzi wake. Ni kwamba mambo yalianza na swali la aliyepiga simu. Mwenye shida ndiye aliyeamua mazungumzo yaanzie wapi. Niliiga sauti, niliiga utani, lakini hilo la mwisho nilikuja kulielewa nikiwa nimechelewa.

Lazima nikiri pia kwa nini nilichagua teknolojia. Kwetu, maiki ina historia. Joshua arap Sang, mtangazaji wa Kass FM, alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague kuhusiana na ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, ghasia ambazo ziliua watu zaidi ya 1,100 nchini. Kesi yake na ya William Ruto ilianza kusikilizwa Septemba 2013 na ikasitishwa Aprili 2016 bila yeye kutiwa hatiani. Sitaki kuirudia kesi hiyo hapa. Ninachosema ni kwamba watangazaji wa Bonde la Ufa wa rika langu tulikua tukijua kwamba maneno ya redio yanaweza kuulizwa baadaye, mbali na nyumbani, na majaji wenye majoho. Siasa ilikuwa moto. Ardhi ilikuwa moto. Nikasema, wacha nichukue simu na kompyuta, hizo hazina kabila wala hazina upande.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanza. Niliamini kuna mada isiyo na upande.

Dalili ya kwanza ilikuja na programu za mikopo. Nilifundisha watu kuzipakua. "Unapata pesa kwa dakika tano, bila dhamana," nilisema, na ilikuwa kweli. Sikusema kwamba kuna wakopeshaji ambao ukichelewa kulipa wanapigia watu waliomo kwenye simu yako: shemeji, mwalimu wa mtoto, mchungaji. Benki Kuu ilitoa kanuni za kuwadhibiti wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022, na kabla ya hapo wengi walikuwa wameshaaibishwa. Mama mmoja alinipigia, nje ya hewa, akilia. Nikamwambia pole, nikamweleza jinsi ya kufunga ruhusa za programu. Nilitibu kidonda, nikaacha kisu pale pale mezani.

Sasa, ile Jumatano.

Kampuni moja inayouza mashine za kuchuna chai ilitualika kwenye maonyesho. Tulikuwa wanahabari kama wanane. Tulikunywa chai, enyewe chai nzuri, tukapelekwa shambani. Kulikuwa na zile mashine ndogo ambazo watu wawili hushika, mmoja kila upande wa mstari, kisu kikipita juu ya kichaka na majani yakipulizwa ndani ya mfuko. Halafu wakatueleza kuhusu zile kubwa, na kwamba moja inaweza kufanya kazi ya wachunaji mia. Wakati wa kuondoka tulipewa bahasha. Kwa lugha ya kazi yetu inaitwa nauli. Nauli yangu ya kwenda na kurudi ilikuwa shilingi mia tatu. Ndani ya bahasha mlikuwa na elfu tatu.

Jumatano nikaingia studio. Nilieleza vizuri, siwezi kujisingizia. Nilieleza injini, kisu, namna mashine inavyokata kwa kimo kimoja, kwa nini inabeba majani makuukuu na vijiti pamoja na chipukizi, na kwa nini hilo halina uzito mkubwa ikiwa chai inaenda kusagwa na kukatwakatwa kama inavyofanyiwa sehemu kubwa ya chai ya Kenya kabla ya kufika mnada wa Mombasa. Nilisema ni kazi ya watu mia kwa mashine moja. Nilisema, na hapa nakumbuka neno kwa neno, "Haya ndiyo maendeleo, msikilizaji, na maendeleo hayangoji mtu."

Jioni nilipiga simu nyumbani kama kawaida. Mama aliuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Kijana yangu, leo nilikusikia. Umesema watu mia. Katika hao mia, mimi ni wa ngapi?"

Hakuuliza kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejibu. Mimi ni mtangazaji, nina majibu ya hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza namba yake kwenye foleni ya hospitali.

Swali la makala hii ni hili basi: mtu anayewaeleza wengine teknolojia ana deni gani, na analo kwa nani? Nimelizungusha kichwani muda mrefu, na nimepitia majibu matatu.

Jibu la kwanza ni lile nililojipa usiku ule: mimi naeleza tu. Mashine ipo, sikuiunda mimi, sikuinunua mimi. Nisingeisema, ingekuja vilevile. Kuna ukweli hapo. Mwenye kutangaza mvua hajainyesha. Lakini mvua haina mwenyewe, na mashine inaye. Mvua haikupi bahasha. Na kuna jambo lingine zaidi ya bahasha. Kila maelezo ni jibu la swali fulani, hata kama swali halikutamkwa. Mimi nilijibu maswali mawili: mashine inafanyaje kazi, na inaokoa kiasi gani? Hayo ni maswali ya mnunuzi. Mchunaji ana maswali mengine: nani atakula hicho kilichookolewa? Nani atafundishwa kuiendesha? Nyumba ya kampuni ninayolala, nikiachishwa nahama lini? Sikudanganya hata neno moja, lakini nilisimama upande mmoja tangu sentensi ya kwanza, kwa sababu niliazima maswali ya mtu mmoja na kuyaita ya kila mtu. Bahasha ilinunua swali. Jibu nililitoa bure.

Jibu la pili ni kinyume chake: basi pinga mashine, simama na wachunaji, sema hewani zisije. Jibu hili linavutia, hasa ukiwa na hatia. Lakini nalo nililipima likapungua.

Kwanza, sikuwa na haki ya kusema kuchuna chai ni kazi inayostahili kuhifadhiwa jinsi ilivyo. Februari 2023 BBC ilitoa uchunguzi ambamo zaidi ya wanawake 70 waliofanya kazi katika mashamba ya chai walisema walinyanyaswa kingono na wasimamizi wao. Wengi wetu tulioishi kwenye ile mistari ya nyumba hatukushtuka vile tulivyopaswa kushtuka, na hilo nalo ni la kutubu. Kazi ambayo mtu mmoja anaweza kukunyima asubuhi kwa sababu ulimkatalia jioni, mimi nitasimamaje redioni kuiimbia sifa? Mgongo wa mama yangu umepinda kuelekea upande wa kikapu. Nikisema mkono wa binadamu ni bora kuliko chuma, nani ananilipia huo ushairi?

Pili, kuna unafiki wetu sisi watoto wa wachunaji. Tunataka kazi hiyo iokolewe kwa ajili ya mtu mwingine. Mimi mwenyewe sijachuna hata wiki moja mfululizo tangu nimalize kidato cha nne. Rafiki zangu wa Kericho walio Nairobi, mnaosoma hii mkiwa kwenye matatu ya Ngong Road, mkono juu nani angerudi kubeba kikapu? Tunapigania mlango ambao tumekwisha kuapa hatutaupitia.

Tatu, kuna maiki na historia yake. Machi 2023 kamati iliyoundwa huko kwetu ilipendekeza uwiano wa 60 kwa 40, yaani mashine zichune asilimia sitini na mikono arobaini. Mei mwaka huohuo, Kericho iliwaka. Mashine kadhaa zikachomwa moto mashambani, polisi wakaja, na kuna aliyepoteza maisha. Niliangalia video za ule moto nikiwa nimekaa kitandani. Nilijiuliza ningesema nini hewani siku hiyo kama kipindi kingekuwa changu. Sentensi moja ya hasira, kwenye redio, kwa watu ambao tayari wana kiberiti mkononi. Hapana. Hasira yao niliielewa, lakini kuielewa hasira si kibali cha kuimwagia petroli.

Hata hivyo sitawaita wajinga. Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 19, mafundi wa kufuma walivunja mashine usiku, na mwaka 1812 Bunge lao likapitisha sheria ya kumnyonga mtu kwa kosa hilo. Leo jina lao, Luddites, ni tusi la mtu anayeogopa kompyuta. Lakini wale mafundi walikuwa wameishi na mitambo maisha yao yote. Ugomvi wao ulikuwa kuhusu ujira na nani anaamua. Mashine haikuwa na mkono wa kusaini mkataba, kwa hiyo walivunja kilichokuwa karibu. Kule kwetu aliye na kalamu yuko mbali zaidi. Mashamba yaliyokuwa ya Unilever yaliuzwa 2022 pamoja na biashara yake ya chai kwa wawekezaji wa CVC, baadaye yakaenda kwa Browns ya Sri Lanka, ambayo pia ilichukua yale ya James Finlay. Jina kwenye lango limebadilika mara mbili tatu, na chini ya majina yote hayo kuna ardhi ambayo wazee wa Kipsigis bado wanasimulia ilivyochukuliwa enzi za mkoloni. Mchunaji hajui hata amwandikie nani barua. Mashine, hiyo anaiona.

Jibu la tatu nilipewa na mama, tena. Niliporudi nyumbani mwezi uliofuata nilimkuta ameketi nje, miguu kwenye karai la maji ya moto. Nikamwambia, "Mama, nisamehe kwa yale ya redio." Akacheka. Akasema mashine haimsumbui sana, kwani hata yeye angependa kitu cha kumpumzisha mgongo. "Kilichoniuma," akasema, "ni kwamba ulienda mpaka shambani, ukaongea na wenye mashine, ukarudi mjini. Sisi tulikuwa mstari wa pili kutoka hapo. Hata kusalimia?"

Nimesoma vitabu kadhaa kuhusu maadili ya uandishi. Hakuna kilichonifika kama hilo: hata kusalimia?

Nadhani deni ni hilo. Si deni la kupinga wala kuunga mkono. Ni deni la kuvuka mstari wa pili. Anayeeleza kitu kipya lazima amtafute mtu ambaye kitu hicho kinakwenda kumgusa, amuulize swali lake, na alibebe hilo swali hadi hewani likiwa na uzito sawa na lile la muuzaji. Halafu aseme waziwazi nani alimlipia chai. Ukifanya hayo, msikilizaji anaweza kuamua mwenyewe kama ni maendeleo. Usipoyafanya, umeshaamua kwa niaba yake, halafu unamwambia hayangoji mtu.

Niliyafanya. Jumatano moja nilifungua kipindi kwa kusema nilipokea elfu tatu, na kwamba nimezirudisha. Nilimleta mchunaji mmoja, kijana mmoja anayeendesha mashine, na mkulima mdogo mwenye ekari moja anayeuza majani yake kwa kiwanda cha KTDA. Nilitegemea vita. Yule kijana alisema analipwa vizuri kuliko alipokuwa na kikapu, ila wenzake wengi waliotoka naye mstari mmoja hawapo tena. Mkulima alisema yeye wachunaji ni shida kuwapata msimu wa majani mengi, na angependa mashine ndogo kama bei ingemruhusu. Mchunaji aliuliza kama mtu aliyechuna miaka ishirini hawezi kufundishwa kushika mashine, ama ni lazima awe kijana wa kiume. Hakuna aliyemjibu, kwa sababu aliyepaswa kujibu alikuwa amealikwa na hakuja. Tulikaa kimya sekunde chache. Redioni hizo ni nyingi sana.

Wiki mbili baadaye kipindi kilikatwa kutoka dakika thelathini hadi kumi, halafu kikaisha. Niliambiwa ni mambo ya bajeti. Inawezekana. Siwezi kuapa vinginevyo, na sitaki kujivika ushujaa kwa kazi ya dakika thelathini.

Lakini kuna kitu kilitokea kabla sijaondoka. Meneja alituonyesha programu mpya inayosoma bei za soko na hali ya hewa kwa Kiswahili, sauti nyororo, haikohoi, haiombi likizo. Wenzangu walishangilia ilivyo laini. Mimi nilijikuta nimeinua mkono kabla ya kufikiri. Niliuliza: itachukua kazi ya nani, atahamishiwa wapi, na mliongea naye? Chumba kilinyamaza. Nikasikia maneno yangu mwenyewe yakirudi. Yalikuwa maswali ya mama, yote matatu. Yaliponigusa mimi yalikuja bila kutafutwa. Yalipomgusa yeye, ilibidi anipigie jioni.

Siku hizi nafanya vipindi vya mtandaoni na kuandika kama hivi. Wengi wenu mnaosoma mna kazi zenye skrini, na kila wiki kuna mtu anayewaeleza kwa furaha kifaa kipya kinachofanya kazi ya watu mia. Msikilizeni, huenda hasemi uongo. Ila angalieni kama amesalimia mstari wa pili.

Mama bado anachuna, lakini si kila siku. Wanaitwa majani yakiwa mengi, au pale ambapo mteremko ni mkali na mashine haifai. Simu yake ni ile ile. Juzi aliniuliza sasa anishike stesheni gani. Nikamwambia siku hizi siko redioni, niko kwenye intaneti, na kabambe haiwezi. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Basi uwe unanipigia unieleze. Lakini anza na salamu."